Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mtaa wa Mkomani Wafufuliwa kwa Manufaa ya Nani?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yafaa kuwa kipimo cha mabadiliko yanayoendelea katika mji wa kale wa Lamu. Kwa miongo kadhaa sasa, nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani, upande wa kaskazini wa mji huo, zimekuwa zikinunuliwa na kukarabatiwa na wageni, wengi wao kutoka Ulaya. Nyumba zilizokuwa zikielekea kuwa magofu zimepakwa chokaa upya, na milango iliyonakshiwa imepata mafundi wa kuitengeneza. Swali ni je, mwenyeji amepona? Maoni yangu ni kwamba nyumba zinapona ilhali mtaa unadhoofika, na kwamba jambo hili latuhusu sana sisi wapenzi wa Kiswahili.

Ni bayana kwamba bila fedha za wageni baadhi ya nyumba hizo zingekwisha kuporomoka. Nyumba ya Kiamu hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Ujenzi wa aina hii wahitaji matunzo ya daima, kwani maji ya mvua yakipenya darini boriti huoza. Fauka ya hayo, nyumba moja huweza kurithiwa na ndugu wengi, kila mmoja akiwa na fungu lake, na asipatikane hata mmoja mwenye uwezo wa kugharimia ukarabati. Anapotokea mnunuzi, kuuza huwa njia nyepesi ya kugawana mirathi. Kwa hivyo, si haki kumlaumu anayeuza, wala si haki kumbeza anayenunua na kutengeneza.

Hata hivyo, tukumbuke kilichoupa mji huu sifa. Shirika la UNESCO lilipouorodhesha mwaka wa 2001 kuwa urithi wa dunia, halikuvutiwa na mawe pekee. Lilitambua pia kwamba huu ni mji ambao watu wameishi mfululizo kwa zaidi ya miaka mia saba, wakidumisha mila na maarifa yao. Vichochoro vyake ni vyembamba mno kwa gari. Watu huenda kwa miguu, na mizigo hubebwa na punda au mikokoteni. Katika njia kama hiyo si rahisi watu wawili kupishana bila kuamkuana. Mwendo wa miguu basi ni sehemu ya mazungumzo ya mji, na lahaja ya Kiamu imelelewa kwa mwendo huo.

Tuitazame nyumba yenyewe kwa jicho la msomi wa lugha. Mbele ya mlango kuna daka, lenye viti vya mawe pande zote mbili, ambapo mwenye nyumba huketi na jirani na mpita njia hupumzika. Baada ya daka kuna tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, na mwisho ndani, penye vidaka vya ukutani. Baadhi ya nyumba huunganishwa na wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba. Wikio halikujengwa kuwa pambo. Liliwawezesha jamaa, hasa wanawake, kutembeleana bila kushuka njiani. Nyumba moja ikiuzwa kwa mtu asiye wa ukoo, wikio laweza kubaki imara kama lilivyokuwa, lakini ujamaa uliokuwa ukiunganishwa nalo umekatika.

Kadhalika, kwa mila ya familia za kiungwana za Lamu, binti alipewa nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwake. Nyumba ilikuwa stara na kinga ya mwanamke, hata ndoa ikivunjika. Kuuzwa kwa nyumba kama hiyo kwaweza kumaanisha kuondoka kwa kinga iliyopitishwa kutoka mama hadi binti. Hasara hii haionekani katika picha za ukuta uliopakwa chokaa.

Wasomaji wa fasihi wataikumbuka Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaotafakari majumba ya Pate yaliyokuwa na fahari na kisha yakahamwa. Huko, kuondoka kwa watu kulifuatwa na kuharibika kwa nyumba. Mkomani yaweza kutuonyesha msiba wa aina nyingine: nyumba iliyo nzima, safi, yenye samani za kuvutia, ambayo mwenyewe huishi humo majuma machache kwa mwaka na siku nyingine hufungwa. Daka la nyumba kama hiyo halina wa kuketi. Gofu angalau hutangaza kwamba watu wameondoka. Nyumba ya namna hii huuficha ukweli huo.

Kuna watakaopinga kwamba lugha haikai ukutani. Msemaji akihamia Wiyoni au Mombasa, huhama na Kiswahili chake. Hoja hii ina ukweli, ila haitoshi. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, wala hulijui jina la kila sehemu yake. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya vyumba viwili vya matofali hatakuwa na haja ya kutamka tekani wala msana. Maneno hayo yatabaki kamusini, na sisi tutayafundisha kana kwamba ni ya watu waliokwisha kutoweka.

Nini kifanywe basi? Kwanza, Serikali ya Kaunti ya Lamu na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya zingeanzisha hazina ya kuwakopesha wenyeji fedha za kukarabati paa na dari kabla nyumba hazijafikia hatua ya kuuzwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta huo utajengwa na mwingine. Pili, ukodishaji wa muda mrefu upendelewe kuliko uuzaji: mgeni aikarabati nyumba, aishi humo kwa miaka waliyoafikiana, kisha nyumba irudi kwa ukoo. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na mafundi na akina mama wa Lamu kukusanya istilahi za nyumba wakati bado zinatumika jikoni na barazani.

Sheria tulizo nazo zaweza kumzuia mtu kubomoa ukuta wa kale. Haziwezi kumzuia jirani kuhama. Siku mwenyeji wa Mkomani atakapoweza kuikarabati nyumba yake na kubaki ndani yake, hapo ndipo tutakaposema kwamba mgeni amekuja na mwenyeji amepona.