Gari kali si lazima lichome tairi

Kila staa wa soka akinunua gari la spidi, kijiweni ubishi ni uleule: eti otomatiki isiyochoma tairi haina nguvu. Siyo kweli. Sensa zikihisi gurudumu linaanza kuserereka, kompyuta inapunguza nguvu ya injini au inalikamata kwa breki. Nissan GT-R nayo inagawa nguvu magurudumu yote manne, ndiyo maana inachomoka.

Tairi linalozunguka palepale ni kama winga wa chenga kumi asiyepiga krosi: jukwaa linashangilia, mpira hauendi.

Formula 1 walipiga marufuku mfumo huo kuanzia 2008, dereva apimwe kwa mguu wake. Sawa, ile ni saketi. Barabarani kuna bodaboda na watoto wa shule. Vijana, swichi ya kuuzima msiiguse.