Mwalimu wa Urubani Akae Ubavuni

Katika miaka hii ya 2020 mji wetu wa Morogoro umepata jambo ambalo wazee wenzangu hawakulitarajia. Kampuni yenye wataalamu kutoka Jamhuri ya Cheki imeunganisha hapa ndege ndogo aina ya Skyleader 600. Ina viti viwili, navyo vimepangwa bega kwa bega, kama viti vya mbele vya gari. Basi vijiwe vya kahawa vikapata mada. Nimewasikia vijana wakisema kwamba hiyo ni teksi tu, na kwamba urubani wa kiume hujifunzwa katika ndege ya viti vya kufuatana, mmoja mbele na mwingine nyuma. Mimi si rubani. Lakini nimewafundisha walimu kwa miaka mingi, na suala hili kabla ya kuwa la ndege ni la ufundishaji. Kwa hiyo nitasema bila kumung'unya maneno: anayeanza kujifunza kuruka akae ubavuni mwa mwalimu wake.

Tuwatendee haki wanaopinga. Ndege ya viti vya kufuatana huwa na mwili mwembamba, kwa hiyo hewa huikinza kidogo. Kila aliyemo huona kulia na kushoto bila bega la mwenziwe kumzuia. Ndiyo sababu Piper Super Cub, ambayo viti vyake hufuatana, imefaa sana katika doria za kulinda wanyama huko Kenya. Tena, anayekusudia kurusha ndege ya kivita atakuja kukaa peke yake katikati. Si vibaya akazoea mapema. Hayo yote nayakubali.

Lakini swali si ndege ipi inapasua hewa vizuri zaidi. Swali ni mwalimu anaona nini. Katika Tiger Moth, ndege ya Kiingereza iliyoanza kuruka mwaka 1931, mwalimu alikaa mbele na mwanafunzi nyuma, wakisemeshana kwa mrija. Katika Chipmunk, iliyofuata mwaka 1946, mwanafunzi alikaa mbele na mwalimu nyuma. Katika ya kwanza mwalimu anampa mwanafunzi mgongo. Katika ya pili anatazama kisogo. Ni mwalimu gani wa darasa la kwanza atakayekubali kufundisha kuandika huku anatazama kisogo cha mtoto?

Mkono hukiri kabla ya mdomo. Mwanafunzi aliyeingiwa na hofu hukaza vidole kwenye usukani, macho yake hugandia saa moja mbele yake, na husahau kutazama nje. Ukimwuliza kama yu salama, atajibu, "Ndiyo, mwalimu," kwa sababu ndivyo tulivyomlea. Mwalimu aliye ubavuni haulizi; ameshaona. Anaonyesha kwa kidole kipimo kinachopaswa kutazamwa, na wote wawili wanakisoma kipimo kile kile. Aliye nyuma amebakiwa na sauti peke yake.

Na hapa petu kuona huko si anasa. Mji uko chini, kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na milima ya Uluguru inapanda hadi zaidi ya mita 2,600 kule Kimhandu. Upepo wa Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki, ukaacha mawingu na mvua, kisha ukivuka kilele hushuka upande wa pili, na upepo ushukao huikandamiza ndege ndogo kuelekea chini. Mwanafunzi aliyejiingiza katika bonde jembamba lazima ageuze ndege kungali na nafasi ya kugeuza. Muda wa kulitambua kosa lake ni wa kuhesabu pumzi. Je, mwalimu autumie kuuliza maswali?

Wataniambia kwamba Jeshi la Anga la Kenya lilianza mwaka 1964 na Chipmunk, likachukua Bulldog ya bega kwa bega mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha mwaka 1990 likarudia viti vya kufuatana kwa Tucano. Sawa. Tucano ilibuniwa kuwaandaa watu kwa ndege za kivita. Sisi tunahitaji zaidi marubani wa kubeba wagonjwa, watalii na barua, na wa kuzunguka juu ya Mikumi. Na katika ndege kubwa za abiria rubani na msaidizi wake hukaa bega kwa bega mpaka siku ya kustaafu. Hata jeshi letu, lilipoanzisha kikosi chake cha anga katikati ya miaka ya 1960, miongoni mwa ndege zake za kwanza za mafunzo zilikuwa Piaggio P.149 kutoka Ujerumani Magharibi. Humo nako mwalimu alikaa ubavuni.

Wengine watasema: mbona ninyi wakufunzi, mlipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha, mlikaa nyuma ya darasa? Naam, tulikaa nyuma, kwa kuwa tulikwenda kupima kilichokwisha kufundishwa. Kukagua si kufundisha. Tena somo likiharibika darasani, kengele hulia na kesho hurudiwa. Angani hakuna kengele.

Imebaki hoja kwamba kukaa karibu na mwalimu kunamdekeza mwanafunzi. La hasha! Siku ya kuruka peke yake itafika, na kiti cha pili kitakuwa kitupu. Hapo atajitegemea kwa mazoea mema aliyosahihishwa moja baada ya jingine. Kumficha mwalimu hakumfundishi kijana ujasiri. Kunamfundisha kuficha hofu, na rubani aliyezoea kuficha hofu ni hatari kwake na kwa abiria wake. Atakapohitimu, na achague viti apendavyo. Mzazi anayetaka kumlipia mwanawe masomo ya urubani asiulize kwanza ndege ina kasi gani. Aulize mwalimu anakaa wapi.