Kisukari Hakitibiwi kwa Lawama

Hoja iliyochapishwa hivi karibuni, kwamba mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili anayerudia soda na maandazi baada ya kuonywa amekosa nia tu, haina mashiko. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwalisha watu wazima 20 vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, yaani vya kiwandani vyenye viambato visivyopatikana jikoni, kwa wiki mbili, na visivyosindikwa kwa wiki mbili nyingine. Ijapokuwa milo ililinganishwa kwa sukari, mafuta na chumvi, na kila mmoja akaachiwa ale atakavyo, vile vya kiwandani viliwafanya wale takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku. Je, nia zao ziliondoka na kurudi kwa ratiba? Ni kweli kwamba uraibu wa chakula, yaani kuendelea kula licha ya kuyajua madhara, haujaingizwa katika orodha rasmi za magonjwa, lakini hilo halimgeuzi mgonjwa kuwa mzembe. Kinachomfaa ni msaada, si lawama: katika jaribio la DiRECT la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2017, asilimia 46 ya waliopewa supu na vinywaji maalumu badala ya milo yao, pamoja na ufuatiliaji wa karibu, hawakuwa tena na kisukari baada ya mwaka mmoja, bila dawa; miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida, ni asilimia 4 tu.