Tuzuie kindi na panya kabla ya kulalamikia bei ya chakula cha kuku

Mfugaji wa kuku wa mayai hapa Nyashimo akianza kueleza biashara yake, hamalizi dakika mbili kabla ya kufika kwenye bei ya chakula. Ana haki. Chakula huchukua takriban asilimia 60 hadi 70 ya gharama za ufugaji wa kuku, na pumba, mashudu ya alizeti na dagaa hupanda bei msimu ukibadilika. Lakini wapo wachache mno wanaojiuliza kama chakula chote wanachonunua kinaliwa na kuku wao.

Tuchukue kalamu na karatasi. Kuku wa mayai hula wastani wa gramu 120 kwa siku, hivyo kuku 50 humaliza kilo 6. Panya mmoja aliyekomaa hula kama gramu 20. Wakiwa 20 bandani na stoo, idadi ambayo si ya kushangaza hata kidogo, wanakula gramu 400 kila usiku. Kwa mwezi ni kilo 12, kwa mwaka ni kilo 146, yaani karibu magunia matatu ya kilo 50. Hapo hatujahesabu wanachomwaga na wanachochafua kwa mkojo na kinyesi. Zidisha kwa bei ya duka unalonunua, halafu linganisha na faida uliyobaki nayo mwaka jana.

Panya si mwizi peke yake. Mchana huja shomoro na mnana, ambao pia wanaweza kuleta magonjwa bandani. Huja na kindi, hasa kwenye miji yenye miti na vichaka karibu. Yule wa ardhini, ambaye wengine humwita kuchakuro, ndiye yule yule anayefukua mbegu za mahindi shambani. Namna ya kumjua mwizi wako ni rahisi: pima chakula jioni kuku wakishalala, kisha pima tena alfajiri. Kikipungua usiku, shughulika na panya. Kikiisha mchana kuliko kawaida ya kuku wako, tazama juu ya miti.

Huko Marekani na Uingereza watu hununua nafaka za kulishia ndege wa porini nyuma ya nyumba zao, na kindi wamewasumbua kwa miaka mingi. (Kwetu, kununua nafaka ili ule ndege wa porini ungeitwa kichaa, lakini tuyaache hayo.) Kilichowasaidia ni bati laini lililozungushwa kwenye nguzo kama mwavuli, na nguzo yenyewe kusimikwa kama mita 3 kutoka kwenye mti, kwa sababu kindi ni mrukaji hodari. Wengine huchanganya pilipili kwenye nafaka, maana ndege hasikii ukali wake ila kindi na panya husikia. Mimi singemshauri mfugaji aanzie kwenye pilipili. Ni gharama inayojirudia kila gunia. Bati unalinunua mara moja.

Mbinu hiyo si ngeni kwetu. Kihenge kilichoinuliwa mita moja juu ya ardhi, miguu yake ikivalishwa bati, panya hakipandi. Basi stoo ya chakula cha kuku nayo ijengwe hivyo, au chakula kikae kwenye pipa la chuma lenye mfuniko. Chombo cha kulishia kining'inizwe, ukingo wake uwe sawa na mgongo wa kuku, kisijazwe zaidi ya theluthi, na jioni kitolewe. Wavu wa kawaida wa kuku una matundu makubwa. Shomoro na panya wadogo hupita. Tafuta wa nusu inchi kwa madirisha, na kata matawi yanayogusa paa.

Kuhusu sumu zinazotembezwa minadani bila lebo, msimamo wangu ni kwamba ni hasara. Kuku akidonoa chambo, au akila panya aliyekufa kwa sumu, unaweza kumpoteza, na paka na bundi wanaokusaidia bure hufa pia. Tena panya shamba huweza kuzaa zaidi ya watoto 10 kwa mkupuo mmoja. Chakula kikibaki wazi, unaowaua watajazwa upya baada ya muda mfupi.

Jambo hili liwaguse pia wanaopanga mikopo. Sheria inazitaka halmashauri, ikiwamo Busega yetu, kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Michanganuo mingi ya ufugaji ninayoisoma ina vifaranga, chanjo, chakula na banda. Pipa na wavu wa nusu inchi havimo. Kikundi kinachoomba fedha za kuongeza kuku kutoka 50 hadi 200 kiulizwe kwanza chakula kitawekwa wapi, na maofisa ugani wakague stoo kabla ya kukagua banda.