Mabanda ya mashua ya Naivasha yasomwe kabla hayajaanguka

Mwenye kovu usidhani kapoa, walinena wahenga. Ziwa Naivasha lina makovu yake, na ukame mkali wa mwaka 2009 uliyaanika hadharani. Maji yalirudi nyuma kiasi kwamba magati yaliyokuwa yakifungiwa mashua yalisalia nchi kavu, nguzo zake zikisimama katika matope yaliyopasuka kwa jua. Mgeni aliyepita hapo wakati ule angeweza kucheka na kuuliza ni nani huyo asiye na akili aliyejenga bandari katikati ya malisho. Haukupita muda mrefu kabla ya mvua kuanza kunyesha kwa wingi juu ya safu za Nyandarua, mto Malewa ukajaa, na ilipofika mwaka 2020 magati yale yalikuwa yamezama, pamoja na nyumba za watu ambao hawakuwahi kumiliki mashua maishani mwao.

Nyumba kuukuu za mapumziko na mabanda ya mashua yaliyotapakaa kandokando ya maziwa yetu hutazamwa na wengi kama mabaki ya anasa ya walowezi, vitu vya kupigwa picha na watalii au kubomolewa ili mahali pake pajengwe hoteli ya ghorofa. Mtazamo huo ni finyu. Majengo hayo ni nyaraka. Yanatuambia maji yalifika wapi, mwaka gani, ardhi ilikuwa ya nani kabla, na ilipitia mikono ya nani hadi ikafika ilipo leo. Wanafunzi wetu wanaosoma Historia wamefundishwa kusoma mikataba na tarehe. Hawajafundishwa kusoma nguzo ya mwerezi iliyobaki na alama ya maji.

Na tuanze na ardhi yenyewe, maana banda halielei angani. Kabla ya nyumba yoyote ya mawe kujengwa pale, ufuko ule ulikuwa malisho na manyweo ya Wamaasai, na hata jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka kwa mawimbi. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Mwaka 1911 wale wa Laikipia nao wakahamishwa, na kesi waliyoifungua kuupinga uhamisho huo ikatupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mahakama haikuwa na uwezo wa kuisikiliza. Katika muda huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwagawia walowezi ardhi, kwanza kwa sheria ya mwaka 1902 iliyoruhusu ukodishaji wa miaka 99, kisha kwa ile ya 1915 iliyoongeza muda huo hadi miaka 999. Mtu aliyepewa ardhi kwa miaka 999 hujenga kama mtu asiyetarajia kuondoka. Ndiyo sababu ya yale mawe, zile veranda pana, na magati marefu.

Mashua zilifuata samaki. Katika miaka ya 1920 walowezi walitia ziwani aina mpya za samaki, akiwamo yule wa Marekani aitwaye besi, ambaye kuvuliwa kwake kwa ndoana kulikuwa mchezo wa mwisho wa juma. Hapo ndipo banda la mashua likawa sehemu ya lazima ya nyumba ya ufukoni, kama vile zizi la farasi lilivyokuwa sehemu ya lazima ya nyumba ya shambani. Baadaye ziwa hilohilo likawa uwanja wa ndege. Mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwaka 1950, ndege kubwa za kuelea za shirika la Uingereza la BOAC, zilizotoka Southampton kuelekea Afrika Kusini, zilikuwa zikitua Naivasha, na abiria wa Nairobi wakimaliza safari yao kwa gari. Kisumu ilikuwa imeyaona hayo mapema zaidi, kwani tangu mwaka 1931 ndege za namna hiyo zilikuwa zikishuka katika ghuba ya Winam, pale pale ambapo meli William Mackinnon ilishushwa majini mwaka 1900, baada ya vipande vyake kusafirishwa kutoka pwani, hata kabla ya reli kufika.

Ipo nyumba moja ya Naivasha ambayo haikosi waandishi. Ni ile iitwayo Djinn Palace, iliyojengwa katika miaka ya 1920 na Cyril Ramsay-Hill kwa mtindo wa Kimoori, yenye kuta nyeupe na kuba, ikitazama ziwa. Mkewe alimwacha akaolewa na Lord Erroll, naye Erroll akauawa kwa risasi nje ya Nairobi Januari 1941, na aliyeshtakiwa akaachiliwa. Kisa hicho kimezaa kitabu mashuhuri cha James Fox cha mwaka 1982, na filamu ikafuata. Vivyo hivyo Elsamere, makao ya Joy na George Adamson, imehifadhiwa vyema na wanafunzi wengi wamewahi kupelekwa kuitazama. Hatuna ugomvi na hayo. Lakini ni jambo la kushangaza kwamba twajua rangi ya vigae vya bafu la Lord mmoja, ilhali hatujui jina hata moja la mpiga makasia aliyewavusha wageni wake. Nani alizichonga mashua zile? Nani aliyekesha akiyatoa maji ndani yake mvua iliponyesha? Ni mafundi wa Kihindi walioachwa na reli, au ni Wajaluo walioletwa kwa sababu walilijua ziwa, au ni vijana wa Kikuyu waliojifunza hapo hapo? Majibu hayamo katika riwaya za mapenzi ya walowezi. Yamo katika daftari za mishahara, kama zingalipo, na katika vinywa vya wajukuu wao walioko Karagita, Kamere na Kongoni.

Yawezekana msomaji akasema: haya ni mambo ya kale, na wana wetu wanahitaji ajira. Basi na twende Kihoto.

Kihoto ni mtaa wa mji wa Naivasha ulio karibu na ziwa. Maji yaliuingia mwaka 2020 na yakaurudia mwaka 2025. Watu waliokuwa wakienda kazini kwa miguu wakalazimika kutolewa majumbani kwa mashua. Baadhi yao wana hati za viwanja mikononi, walizolipia kwa jasho la miaka mingi katika mashamba ya maua. Maafisa nao wamekuwa wakisema kwamba ardhi ile ni ya ziwa. Kila upande una karatasi zake. Safu hii haitaki kuwa hakimu katika shauri hilo, lakini yauliza swali moja: kiwanja kilipokuwa kikiuzwa, ni nani aliyemwambia mnunuzi maji yalikuwa wapi mwaka 1906?

Swali hilo lina jibu, na jibu lilikuwepo zaidi ya miaka 90 iliyopita. Wenye mashamba kandokando ya ziwa waliunda chama chao mwaka 1929, kwa sababu maji yalikuwa yakirudi nyuma na kila jirani alikuwa akigombania ardhi mpya iliyojitokeza. Serikali ikakubaliana nao kwamba kimo cha ziwa cha mwaka 1906, yaani kama futi 6,210 juu ya usawa wa bahari, ndicho kitakuwa mpaka. Ardhi iliyo chini ya mstari huo waliruhusiwa kuitumia kwa kilimo na malisho, ila si kujenga majengo ya kudumu. Tazameni hekima ya watu wenye kujali mali yao! Walijua ziwa lililorudi nyuma halijahama. Na kweli, lilizidi kupungua hadi likawa dogo mno katika miaka ya 1940, kisha mvua kubwa za mwaka 1961 zikalirudisha. Kile kisiwa chenye umbo la mwezi mwandamo, upande wa mashariki wa ziwa, kimekuwa kisiwa na rasi kwa zamu: maji yakishuka watu huvuka kwa miguu, yakipanda huvuka kwa mashua. Babu huvuka kwa miguu, mjukuu akahitaji mashua, na wote wawili wakasema kweli.

Maarifa haya yalibaki katika makabati ya wenye mashamba makubwa. Hayakushuka hadi kwa mnunuzi wa kiwanja cha futi 50 kwa 100. Hapo ndipo penye dhuluma, na hapo ndipo mwalimu wa Historia anapohitajika kuliko anavyodhani.

Maana kazi yenyewe haihitaji shahada ya chuo kikuu. Banda kuukuu la mashua husomwa kwa macho na kwa kamba ya kupimia. Sakafu yake iko juu kiasi gani kutoka usawa wa maji ya leo? Gati limeongezwa mara ngapi? Mwenye gati ambaye maji yanamkimbia huongeza nguzo mpya mbele ya zile za zamani, na tofauti ya mbao, misumari na saruji huonyesha ni wapi kazi ya kwanza ilikomea. Nguzo za mwerezi hudumu muda mrefu kwa kuwa mchwa hawaupendi mti huo. Juu yake huonekana mistari ya maji, mmoja juu ya mwingine, kama mikunjo ya paji la uso. Mabati ya zamani aghalabu yalipigwa chapa ya kiwanda yalikotengenezwa. Pete za chuma za kufungia mashua, zikipatikana zimeshika kutu ndani ya ukuta ulio mbali na ufuko, hazihitaji mkalimani.

Baada ya macho huja karatasi. Gazeti rasmi la serikali limekuwa likichapishwa tangu mwaka 1899, na ndani yake hutangazwa ugawaji na uhamishaji wa ardhi. Idara ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi ina ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya, na Naivasha imo. Picha zilizopigwa kutoka angani na ndege za kijeshi za Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndizo zilizotumiwa kuchora ramani nyingi za nchi hii, na kwa kuwa ziwa wakati huo lilikuwa chini, ukizilinganisha na picha za setilaiti za leo utaona shule, makanisa na mitaa mizima ilikaa upande gani wa maji. Mwanafunzi aliyefanya ulinganisho huo kwa mkono wake hatauziwa kiwanja cha ziwani kwa urahisi.

Yupo wa tatu, na huyu ndiye asiyengoja: mzee. Karatasi inaweza kukaa kabatini miaka 50 zaidi, lakini aliyekuwa kijana wa mashua mwaka 1955 sasa amevuka miaka 80. Mwalimu atakayempeleka mwanafunzi kwa mzee huyo amfunze adabu kwanza: abishe hodi, aamkie, akae, asikilize habari za ng'ombe na za magoti kabla ya kuuliza habari za ziwa. Na amfunze pia kwamba kumbukumbu ya mzee si msahafu. Mzee akisema maji yalifika kwenye mti fulani, na waende wakautafute mti huo, waupime, walinganishe na ramani. Kutofautiana kwa ushahidi ndiko kunakoifanya Historia kuwa somo.

Mtaala wa umilisi unasema mwanafunzi ajifunze kutokana na mazingira yake. Maneno hayo ni mazuri, ila mazingira ya mtoto wa Naivasha yamezungushiwa ua. Ukiendesha gari kando ya ziwa kwa upande wa kusini, utaona malango, walinzi na seng'enge kwa kilomita nyingi, huku sehemu ambazo mwananchi anaweza kufikia maji bila ruhusa ya mtu zikiwa chache mno. Mabanda mengi ya mashua yamo ndani ya nyua hizo. Wenye mashamba na mahoteli, ambao wengi wao hunadi ukale wa majengo yao katika vijitabu vya kuwavutia wageni, wana wajibu wa kuwafungulia wanafunzi malango hata mara mbili kwa mwaka, na kuwaruhusu wapige nakala za ramani na daftari zilizomo ofisini mwao. Wasingoje kuombwa na wizara.

Serikali nayo ina chombo tayari. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo lenye thamani ya kihistoria kutangazwa kuwa turathi inayolindwa. Hatudai kila kibanda chenye bati lililotoboka kitangazwe hivyo. Nchi yenye uhaba wa madarasa haiwezi kulinda kila nguzo. Tunadai kwamba lisibomolewe jengo la ufukoni kabla halijapigwa picha, kupimwa na kuandikwa. Gharama yake ni siku moja ya kazi. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilihesabu jamaa zaidi ya 75,000 walioathiriwa na kupanda kwa maji ya maziwa ya Bonde la Ufa na Ziwa Victoria, na kule Baringo nyumba za wageni zilizokuwa zimesimama kwa miongo mingi zilimezwa zikabaki mapaa. Zilizozama bila kuandikwa hatutazipata tena.

Kwa walimu wa Naivasha, Gilgil na Nakuru, rai yetu ni hii. Katika likizo ijayo, kila mwanafunzi wa sekondari atafute jengo moja tu lililo karibu na maji: banda, gati, nyumba ya mapumziko, hata msingi uliobaki peke yake. Aandike lilijengwa na nani na kwa mikono ya akina nani, maji yaliligusa mwaka gani na yakaliacha mwaka gani. Kurasa hizo zikusanywe zifungwe pamoja, nakala moja ibaki katika maktaba ya shule, na nyingine ipelekwe ofisi ya ardhi ya mji, iwekwe mezani palipo rahisi kuonekana na mtu aliyekuja kuulizia kiwanja.