Kipi kilitangulia?

Wadau, leo naomba tuongelee saa. Siongelei kuchelewa kazini, hilo tumelisema mpaka limechuja. Naongelea ile saa ndogo kwenye kona ya skrini ya kompyuta, ambayo hakuna anayeitazama mpaka jambo liharibike.

Mwezi uliopita nilikuwa Soga. Kwa wasiopajua, ni Kibaha, mkoa wa Pwani, jirani na Kisarawe. Reli ya Kati ambayo Mjerumani alianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905 inapita pale, na SGR nayo ina stesheni pale. Jamaa yangu mmoja, fundi wa mitandao, amekimbia kodi za mjini akajenga chumba huko anachokiita maabara. Mimi niliona bati, feni, meza, na nyaya nyingi kuliko nguo zake. Alikuwa anafunga seva ya saa.

Nikamuuliza swali ambalo nadhani na wewe unajiuliza: si intaneti inatoa saa bure? Inatoa, ndiyo. Utaratibu unaoitwa NTP, aliouanzisha David Mills wa Marekani miaka ya 1980, ndio unaorekebisha saa za kompyuta nyingi duniani mpaka leo. Lakini ujumbe wa kuuliza saa unaweza kupita njia moja na jibu likarudi kwa njia nyingine ndefu zaidi, wakati kompyuta inakisia kwamba safari zote mbili zimechukua muda sawa. Kukisia huko kunagharimu milisekunde kadhaa. Na intaneti ikikatika unabaki na saa ya ndani ya kompyuta yenyewe, ambayo inaweza kupotea sekunde moja au mbili kwa siku, na bati likipata moto mchana inabadilisha mwendo tena.

Kwa hiyo jamaa kapandisha antena ya GPS juu ya paa. Hapa Soga inaizidi Kariakoo kwa mbali: hakuna ghorofa la kuziba anga, ilikuwa kazi ya kukata matawi mawili ya mwembe tu. Setilaiti ziko kama kilomita 20,200 juu, na kila moja imebeba saa za atomiki. Kipokezi kinatoa vitu viwili. Kuna maandishi yanayosema ni saa ngapi, lakini yanafika yakiwa yamechelewa. Halafu kuna pigo moja la umeme kila sekunde, na hilo ndilo mali. Waliokulia kwenye redio watanielewa: ile milio kabla ya taarifa ya habari ndiyo saa yenyewe, mtangazaji anakutajia tu ni saa ipi. Ukinunua kipokezi cha bei poa kisicho na waya wa pigo, umenunua mtangazaji bila milio.

Hata urefu wa kebo unahesabiwa. Mawimbi yanachukua takriban nanosekunde 5 kwa kila mita, kwa hiyo mita 20 za kutoka paani ni nanosekunde 100, unaziandika kwenye mipangilio ili zitolewe. Kizuia radi pia, maana antena juu ya paa ni mwaliko.

Kilichonikosha zaidi ni mhuri. Ukitaka mashine za ndani ya maabara zikubaliane chini ya maikrosekunde moja, unatumia PTP, na kadi ya mtandao yenyewe inagonga mhuri wa saa pale pale ujumbe unapoingia. Kadi ya kawaida inasubiri kompyuta ipate nafasi. Si mnaijua hii? Barua inafika masjala Jumatatu, karani anagonga "imepokelewa" Alhamisi, na kwenye faili Alhamisi ndiyo inakuwa ukweli.

Sasa maikrosekunde za nini Bongo, wakati kikao cha saa tatu kinaanza saa nne? Sikilizeni. Agosti 14, 2003 umeme ulikatika kaskazini mashariki mwa Marekani na Ontario, Kanada. Watu kama milioni 50 gizani. Wachunguzi walikuta kumbukumbu tele kutoka kwenye mitambo, ila saa za mitambo mingi hazikulingana. Kabla ya kuuliza nani kakosea, ilibidi kwanza wahangaike kupanga kipi kilitangulia kipi. Ripoti yao ya 2004 ikataka vinasa kumbukumbu viwe na saa zilizolinganishwa.

Rudi Soga. SGR imeanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tangu Juni 14, 2024, na treni zake zimeundwa kukimbia kilomita 160 kwa saa. Hizo ni mita 44 kila sekunde. Treni inaongea kwa redio na kituo cha udhibiti, na kila upande unatunza kumbukumbu zake. Sisemi saa zao ni mbovu. Nasema siku jambo likitokea, kila mtu atauliza kilichotangulia: umeme au breki, amri au kosa? Kumbukumbu ya treni ikiachana na ya gridi kwa sekunde 3 tu, kuna zaidi ya mita 130 za reli ambazo kila mwenye kosa anaweza kujificha humo. Mwaka 2024 TRC iliposema ngedere na bundi walihusika kusimamisha treni, tulicheka mitandaoni mpaka basi. Sisi waandishi hasa, ningependa tujizoeze kuuliza: sekunde ipi, na kwa saa ya nani?

Na si treni peke yake. Muamala wa simu una saa. Risiti ya EFD ina saa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki mahakamani, na inataka uangaliwe uaminifu wa namna zilivyotengenezwa na kutunzwa. Wakili mwenye akili ataanzia kwenye saa.

Tafadhali msiniletee ile habari ya Mwafrika na saa. Treni ya 7:00 asubuhi bibi yangu anaiita ya saa moja, na seva ya jamaa inaiandika 4:00 kwa sababu inatunza saa ya dunia, UTC. Namba tatu, sekunde ile ile. Kuhesabu kuanzia macheo, huku kwetu karibu na ikweta ambako macheo hayahamihami sana, ni hesabu ya watu makini.

Kinachoniudhi ni taasisi yenye seva za mamilioni na V8 ya mkurugenzi, halafu saa inaokotwa popote. Vifaa vya jamaa, ukiondoa ile kadi ya PTP, havizidi bei ya simu ya kawaida. Vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kuwa na antena kama hii paani, wanafunzi waishike kwa mikono badala ya kukariri. Majirani wanajitahidi: KEBS ya Nairobi ni miongoni mwa maabara zinazochangia saa zao kwenye hesabu ya UTC kule Ufaransa.

GPS yenyewe ni mali ya serikali ya Marekani, na mpaka Mei 2000 walikuwa wakiichafua makusudi kwa raia. Ndiyo maana jamaa kachagua kipokezi kinachosikia pia Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Halafu kihesabu cha wiki cha GPS kinaishia wiki 1,024 kisha kinaanza upya. Kilipofanya hivyo Aprili 6, 2019, baadhi ya vipokezi vya zamani vilirudi nyuma karibu miaka 20. Zamu nyingine ni Novemba 2038, na jamaa ameshaiandika kwa maka kwenye boksi.

Seva ya ofisini kwenu inachukua saa wapi? Muulizeni mtu wa IT kesho, halafu mniambie kajibu nini.