Kiatu kimeliwa, lakini fimbo si dawa!

Leo habari za mapenzi tuziweke kando kidogo, nina msiba wa kiatu. Na nyie watani wa Wahehe mnaoanza kucheka mkisikia neno mbwa, tulieni. Leo utani hauna nafasi.

Basi bwana, mwezi wa sita mwaka jana, baridi ya Mbeya inakata masikio, nikaitwa kwenye usaili wa kazi. Viatu vya maana nilikuwa na pea moja tu, vya ngozi, nilivichagua kwenye mitumba pale Mwanjelwa. Jioni nikavipiga kiwi mpaka vikang'aa. Asubuhi naamka, kiatu cha kulia hakina kisigino! Mwizi mwenyewe kalala mlangoni anatikisa mkia: Bobi, mbwa wetu wa miezi 5.

Nilimchapa. Sifichi, nilimchapa sana. Nikaenda kwenye usaili na raba za kaka, kazi nikaikosa. Kaka naye akatoa hukumu: Jumamosi Bobi anatiwa kwenye kiroba, akatupwe huko mbele ya Uyole.

Aliyemwokoa ni bwana mifugo, alikuja kutibu ng'ombe wa jirani. Akamfungua Bobi mdomo, akacheka. Fizi zimevimba, jino moja linaning'inia.

"Kijana, huyu si mkorofi. Anaota meno."

Kumbe mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto. Yanaanza kung'oka akiwa na miezi 3 au 4, na akifikisha miezi 6 au 7 anakuwa na meno 42 ya ukubwani. Katikati hapo fizi zinamuwasha, lazima atafune kitu.

"Kiatu alikitafuna saa ngapi?" akaniuliza. Usiku. "Na wewe ulimpiga saa ngapi?" Asubuhi. "Sasa yeye atajuaje anapigwa kwa kosa gani?"

Nikakosa jibu. Ile kulaza masikio na kufyata mkia, sisi tunayoita kujuta, ni woga tu. Nilichomfundisha ni kuniogopa, basi.

Usidhani ni meno peke yake. Mwezi wa nane nilipanda basi kwenda Iringa kumsalimia mshikaji wangu wa Kihesa. Nikakuta mlango wa jikoni umetafunwa kama kaula panya buku. Mbwa wake ana miaka 3, meno alishaota zamani! Kuuliza, anafungwa mnyororo alfajiri mpaka jamaa arudi kazini jioni. Hatembei, hachezi, hana wa kumsemesha. Hata wewe ungetafuna mlango. Tukakubaliana awe anampandisha vilima nusu saa kila asubuhi, na jioni acheze naye. Mwezi haukuisha, mlango ukapumzika.

Sasa shika haya:

Kwanza, ficha vyako. Viatu na rimoti viwe juu. Chaja ichomoe, maana waya wenye umeme ukitafunwa unaua.

Pili, mpe chake. Sokota kipande cha jinzi kuukuu, kipige fundo, kiloweshe, kilaze nje usiku. Kwa baridi yetu, asubuhi kitakuwa cha kutuliza fizi. Kikianza kunyofoka kitupe, asije akameza. Ila usimpe kiatu cha zamani. Yeye hajui kipi cha zamani na kipi cha sikukuu.

Tatu, magunzi ya mahindi usimtupie, yanaziba utumbo. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hapana, inapasuka vipande vyenye ncha.

Nne, ukimfuma na kitu chako usimkimbize, ataona ni mchezo. Mpe dagaa, chukua chako, mwachie chake, halafu msifu.

Lakini kuna kutafuna kwa hatari. Mbwa akibadilika tabia ghafla, anang'ata mawe na miti, mate yanamtoka, anakuwa mkali au anazubaa, usimtie mkono mdomoni. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mkae mbali naye, mwite bwana mifugo haraka. Akishamng'ata mtu, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje dalili, zikishaanza karibu kila mtu hufa. Ndiyo maana mbwa lazima achanjwe kila mwaka.

Bobi? Yupo, Jumamosi ile ilipita salama. Meno 42 yote kinywani, na kaka ndiye anayempa dagaa siku hizi. Mimi kazi bado natafuta. Viatu vipya vipo, juu ya kabati.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!